Hendibreki ya shemeji: imekazwa mara tatu na gari bado ikarudi nyuma

Naandika kesi hii yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwa sababu gari nyingi hapa Mtwara zina tatizo hili hili, na zinatibiwa kwa kukosea kule kule. Gari yenyewe ni Toyota IST ya toleo la kwanza, zile zilizoanza kutoka 2002, auto, tairi za nyuma zina breki za dramu (lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi), hendibreki ni ile ya kuvuta kwa mkono katikati ya siti mbili. Mwenye gari ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anakaa Mikindani upande wa juu kule, ukiacha barabara kuu unaanza kupanda, na msimu wa korosho ukianza mwezi wa kumi huyu mtu hakai nyumbani, leo Tandahimba kesho Newala, gari inarudi nyekundu vumbi mpaka ndani ya dashibodi.

Ilikuwa hivi. Karudi jioni, kasimama mbele ya geti lake, gari pua iko juu, injini inawaka, kaweka N (gia huru), kavuta hendibreki mpaka mkono umegoma, kashuka kufungua geti. Gari ikatulia kidogo, afu ikaanza kurudi nyuma taratibu na mlango wa dereva uko wazi. Akaikimbilia ili aingie akanyage breki, na hapa naomba jamani tusifanye hivi hata siku moja, mlango uliofunguka unamzoa mtu unamlaza chini ya tairi ya mbele, gari ikishaanza kushuka iache iende, piga kelele watu watoke njiani. Bahati kulikuwa na mnazi, ikaegemea hapo. Bampa imepasuka, taa ya nyuma kulia imekwisha. Ila ile njia ndio wanayopita watoto wakitoka madrasa, na muda ulikuwa ndio ule ule. Nikilifikiria hilo silali vizuri, ndio maana nilikataa kabisa hii ishu iishie kwenye kununua taa na bampa.

Akanipigia simu. "Shem, hii gari haina hendibreki kabisa." Nikamwambia si uliniambia imekazwa. "Imekazwa mara tatu, na hii ya mwisho haina hata mwezi."

Hapo ndio pa kuanzia kufikiri. Nilimuuliza kila mara iliyokazwa ilikazwa vipi, akasema fundi anafungua pale katikati ya siti, anatoa kile kiplastiki cha kuwekea vikombe, anaingiza spana, anakaza, dakika kumi hazifiki, anasema tayari. Mara ya kwanza ilishika vizuri, ikakaa kidogo ikalegea. Ya pili ikashika nusu. Ya tatu mkono ukawa mgumu sana, yaani ukivuta kidogo tu umeshagoma, yeye akafurahi akajua sasa hii ndio hendibreki. Ila tangu siku hiyo gari ikawa nzito, ukiachia mafuta haiendi yenyewe kama zamani, na akifika safari kunanuka kitu kimeungua upande wa nyuma kushoto. Kwenye simu hakuniambia hilo, nilikuja kumtoa kwa maswali.

Sasa angalia, gari moja ina vitu viwili vinavyopingana. Inabana muda wote, na ikivutwa haishiki. Kama shida ingekuwa kebo kulegea tu, isingebana. Kama ingekuwa shuu, zile pedi zilizopinda zinazosugua dramu kwa ndani, zimeisha tu, isingebana vile vile. Ukiona vyote viwili kwa pamoja, jua tairi moja inafanyiwa kazi kupita kiasi na nyingine haifanyi kitu, na mtu anayekaza ile nati ya juu, ya katikati ya siti, anazidi kuumiza ile inayofanya kazi.

Niielezee kidogo inavyokwenda, maana bila hili hayo mengine yote hayaeleweki. Ukivuta mkono, unavuta waya mmoja mfupi. Ule waya unashika kichuma kidogo chini ya gari, na kwenye kile kichuma ndio zinatoka kebo mbili ndefu, moja kulia moja kushoto, kazi ya kichuma ni kugawa nguvu ziende sawa. Kila kebo ikifika kwenye tairi inaingia nyuma ya dramu, inavuta mkono mdogo ulioshikana na shuu, ule mkono unasukuma shuu zote mbili zinatanuka zinagusa dramu kwa ndani. Breki ya mguu inatumia shuu hizo hizo ila yenyewe inasukumwa na mafuta ya breki kupitia silinda ndogo iliyo juu humo ndani. Kwa hiyo unaweza kuwa na breki ya mguu inayosimamisha gari vizuri tu na hendibreki imekufa.

Afu kati ya shuu mbili kuna fimbo yenye uzi kama wa bolti na kigurudumu cha meno, mafundi wanaiita adjasta. Shuu zikilika, ile adjasta inajirefusha yenyewe jino moja moja ili shuu zibaki karibu na dramu. Ni kama breki ya baiskeli, mpira ukilika ukawa mbali na rimu unaweza kukaza waya ukapata kushika leo na kesho, lakini waya ndio unaobeba kazi ambayo mpira ulitakiwa uibebe. Na kwenye gari ni mbaya zaidi, kwa sababu ukikaza kebo mpaka ule mkono mdogo wa ndani ukawa haurudi mahali pake, adjasta nayo haifanyi kazi yake sawasawa, maana inahitaji kila kitu kirudi nyumbani ndipo ihesabu jino linalofuata. Yaani kukaza juu kabla ya kurekebisha chini kunaua kile kifaa kinachokuepusha na kukaza.

Kwa hiyo msimamo wangu, na nitausimamia: hendibreki ikilegea unaanzia kwenye tairi, unamalizia kwenye mkono. Kinyume chake ni kuahirisha.

Shemeji alitaka tufanye pale pale kwake mlimani. Nilikataa, nikamwambia alete mjini kwangu, uwanja ni tambarare na umeshindiliwa. Kazi hii lazima hendibreki iwe chini, maana yake unajinyima mwenyewe kitu kinachozuia gari, sehemu yenye mteremko hata mdogo haifai. Tairi za mbele tukaziwekea matofali mbele na nyuma, gia kwenye P (ya kupaki). Na hapa kuna kitu wengi hawakijui kinaua watu: IST hii inavutwa na tairi za mbele, kwa hiyo P inafunga tairi za mbele, ukinyanyua nyuma bado gari imefungwa. Lakini gari inayosukumwa na tairi za nyuma, mfano Toyota Grande na Crown, au hizi Kirikuu zinazobeba mizigo mjini, P au gia inafunga tairi za nyuma, na ukinyanyua tairi moja tu ya nyuma ile difu, gia inayogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma, inaliachia lililo hewani lizunguke na gari inaweza kuondoka juu ya jeki. Hizo bila mawe ya uhakika mbele na nyuma ya tairi za mbele usiguse. Na jeki ni ya kunyanyulia tu, ikishanyanyuka weka stendi chini ya sehemu ngumu ya bodi, halafu hata ukiwa na stendi usiingize kichwa kama hakuna sababu.

Kabla ya kufungua chochote tulifanya jaribio moja ambalo halihitaji spana hata moja. Nyuma yote iko hewani, hendibreki iko chini, zungusha tairi kwa mkono. Ya kulia ilizunguka yenyewe laini. Ya kushoto ilikuwa nzito, inasugua mzunguko mzima, unasikia shhh shhh. Afu nikamwambia shemeji aingie ndani avute mkono mpaka mwisho, akavuta, ukagoma kwenye kliki ya 4. Nikazungusha ya kushoto, imefunga. Nikaenda kulia, nikazungusha kwa vidole, ikazunguka. Hendibreki iko juu mpaka mwisho na tairi ya kulia inazunguka kama hakuna kitu. Nikamwita atoke aje aizungushe mwenyewe. Akaizungusha, akanyamaza, akaizungusha tena.

Kumbe ule ugumu wa mkono uliokuwa unampa amani ndio ulikuwa dalili yenyewe. Mkono mgumu maana yake waya umefika mwisho wa kwenda, haimaanishi shuu zimeshika. Toyota ndogo nyingi zenye hendibreki ya kuvuta kwa mkono zinatakiwa zishike kati ya kliki 6 na 9 ukivuta kwa nguvu za kawaida, kama kilo 20 hivi, kitabu cha gari yako kitakwambia namba yake kamili. Zikizidi sana umelegea, zikipungua sana kuna mtu amekaza kupita kiasi au kuna kitu kimekwama.

Hatua iliyofuata ndio iliyonipa uhakika. Tukatoa kile kiplastiki cha katikati, chini yake kuna nati mbili za spana namba 10 kwenye uzi, moja ya kurekebishia na moja ya kufungia juu yake, tukazilegeza zote mpaka waya ukawa unaning'inia. Nikarudi kuzungusha tairi ya kushoto, imekuwa nyepesi. Basi, hapo nilijua kilichokuwa kinabana ni kebo. Ingebaki nzito baada ya kulegeza, ningeanza kuwaza silinda ndogo imekwama au springi imekatika, na hiyo ni kesi nyingine.

Kutoa dramu ilikuwa shughuli. Zinashikana na habu, kile kichuma cha katikati tairi linapofungwa, kwa kutu, hasa sisi wa huku pwani ambako upepo wa chumvi unakula chuma usiku na mchana. Kuna watu wanachukua nyundo wanapiga ukingo wa dramu kwa hasira, ile ni chuma ya kalibu, inapasuka. Angalia usoni mwa dramu, Toyota nyingi zina matundu mawili madogo yenye uzi, unaingiza bolti mbili za milimita 8, unakaza huku nusu mzunguko kule nusu mzunguko, dramu inajisukuma yenyewe nje. Ya kulia ilitoka hivyo. Ya kushoto ilikuwa imetengeneza ukingo kwa ndani kwa sababu ya kulika, ikawa inakwama kwenye shuu, tukalegeza kwanza adjasta kupitia kitundu cha nyuma chenye kiziba cha mpira, ikatoka.

Vumbi la humo ndani usilipulize, wala kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Shuu za zamani nyingi zilitengenezwa na asbesto, na hata zisizo nayo vumbi lake sio la kuingiza kifuani. Sisi tulilowesha na maji ya sabuni tukafuta kwa kitambaa, kitambaa kikatupwa.

Sasa ndani. Upande wa kulia shuu ni nene kabisa, karibu mpya, zimejaa utando mwembamba wa kutu maana hazijasugua sana kwa muda. Adjasta yake huwezi kuona meno, imefunikwa na tope kavu jekundu la barabara ya Tandahimba lililochanganyika na kutu, limekuwa gumu kiasi kwamba bisibisi inateleza juu yake. Nilipolibandua kwa ncha ya msumari meno yakaanza kuonekana moja moja, uzi wake umekufa ganzi. Hii adjasta haijajirefusha miaka. Ndio maana hata pedali ya breki ya mguu ilikuwa inashuka chini zaidi ya kawaida, shemeji alishaizoea akaona ndio gari ilivyo.

Kushoto ni hadithi nyingine. Shuu zimebaki kama milimita 2, Toyota kwa gari hizi wanasema 1 ndio mwisho, kwa hiyo kwa unene tu mtu angesema bado zina maisha. Lakini uso wake umeng'aa kama kioo, umeungua, ukigusa na kucha haukwaruziki, na dramu kwa ndani ina mabaka ya bluu ya joto. Shuu iliyokuwa kioo inagusa dramu na inateleza. Hapo kesi nzima ikafunguka: kulia haivuti kabisa, kushoto inabanwa kutwa nzima ikaungua, na jioni ile ya geti ile gari ilikuwa imeshikiliwa na shuu zilizoungua za tairi moja.

Silinda ndogo zote mbili nilifunua mpira wake taratibu kuangalia, kavu. Ingekuwa na unyevu wa mafuta ningesimamisha kazi hapo hapo tuite fundi wa breki, kwa sababu shuu iliyolowa mafuta ya breki haioshwi ikapona, na ukishafungua mfumo wa mafuta lazima upepo utolewe, hiyo sio kazi ya kujifunzia nyumbani.

Ila bado swali: kwa nini kulia haivuti? Nikachomoa mwisho wa kebo kwenye ule mkono mdogo, nikaishika na plaizi nikavuta. Ya kushoto iliingia na kutoka laini ndani ya ganda lake. Ya kulia haikusogea hata kidogo. Ukifuata kwa macho chini ya gari unakuta mpira wa kuzuia maji umechanika karibu na tairi, maji na mchanga vimeingia, waya umevimba kutu umeshikana na ganda. Yule fundi kila alipokaza, kile kichuma cha kugawia kililala upande mmoja, nguvu yote ikaenda kushoto. Angechungulia chini tu angekiona kimepinda.

Kuna jirani alikuja akasema tuimiminie oili ivute. Inaweza kuvuta, sikatai, kwa wiki kadhaa. Lakini waya ulioliwa na kutu ndani ya ganda huwezi kuona nyuzi ngapi zimekatika, na hii ni kebo itakayobeba gari mlimani kwenye njia ya watoto. Tukaamua mpya. Maduka ya spea hapa mjini tuliyopita walikuwa nayo ya gari nyingine, wakasema inaingiliana, tukapima urefu haikuingiliana, basi tukaagiza Kariakoo ikaja na basi. Toka Dar mpaka hapa ni kilometa kama 560, siku hizi mzigo ukipanda leo kesho unao. Shuu tukanunua seti nzima pande zote mbili, japo za kulia zilikuwa nene. Shuu hazibadilishwi upande mmoja, ukifanya hivyo gari inaweza kuvuta upande ukikanyaga ghafla.

Kwenye kufunga nasisitiza vitu vichache. Fungua upande mmoja, mwingine uache ukiwa mzima uwe wa kuangalizia, na piga picha na simu kabla hujatoa springi hata moja, maana zile springi zinafanana na hazifanani. Adjasta ya kulia na ya kushoto uzi wake umegeuzwa, ukizichanganya itakuwa kila inapojirekebisha inajifupisha, shuu zinakimbia dramu badala ya kuifuata. Safisha uzi wake kwa brashi ya waya, paka grisi ya joto kali kidogo sana, na grisi nyingine nyembamba pale shuu zinaposugua kwenye bati la nyuma, ila isiguse uso wa shuu wala dramu. Dramu ya kushoto ilisuguliwa msasa ndani, tukapima upana, ilikuwa bado haijafika namba ya mwisho inayoandikwa kwenye dramu yenyewe, tukairudisha.

Afu ndio marekebisho yenyewe, ambayo ukishafika hapa ni rahisi. Kebo bado zimelegea juu. Dramu imerudi, imeshikwa na nati mbili za tairi isicheze. Kupitia kile kitundu cha nyuma unazungusha meno ya adjasta kwa bisibisi bapa mpaka dramu inafunga haizunguki kwa mkono, halafu unairudisha nyuma, kwa Toyota nyingi za dramu ni meno 8, huku bisibisi ya pili nyembamba ikisukuma kile kidole kinachozuia isirudi. Dramu inatakiwa izunguke bure, ukisikia mguso mwepesi wa hapa na pale sio mbaya kwa shuu mpya. Fanya na upande wa pili. Ingia ndani, kanyaga breki mara kadhaa kwa nguvu ya kawaida ili shuu zikae katikati. Pedali ya shemeji ilipanda juu hapo hapo, akashangaa, akaniuliza tumeongeza mafuta ya breki, nikamwambia hatujaongeza kitu, ni shuu zimesogea karibu.

Mwisho kabisa ndio ile nati ya juu. Kaza kidogo, vuta mkono mara kadhaa waya ukae, hesabu kliki, kaza tena. Sisi tuliiacha kwenye 7. Hendibreki ikiwa chini tairi zote mbili zizunguke bure, hili ndio la kuangalia kuliko hesabu ya kliki, kwa sababu kliki 6 zenye tairi inayosugua ni mbovu kuliko 9 zenye tairi huru. Taa ya hendibreki kwenye dashibodi iwake ukivuta kliki ya kwanza na izime ukishusha, ikibaki inawaka mkono uko chini angalia kiwango cha mafuta ya breki maana taa ni hiyo hiyo. Halafu ile nati ya pili funga juu ya ya kwanza. Wengi wanaiacha, afu wanalalamika inalegea.

Kujaribu tulijaribu kwanza kwenye tambarare kisha mteremko mdogo, dereva yuko ndani mguu juu ya breki, tofali liko hatua moja nyuma ya tairi na hakuna mtu amesimama upande wa chini. Weka N, vuta mkono, achia mguu taratibu. Ilishika pua ikiwa juu, tukageuza ikashika pua ikiwa chini. Baada ya hapo tukaenda mpaka Mikindani na kurudi tukiwa tunakanyaga breki kwa upole ili shuu mpya zikae, tukashuka kupima joto kwa kupeleka kiganja karibu na rimu bila kugusa, kulia na kushoto sawa.

Kuhusu yule fundi, nina la kusema na nalisema kwa uzito. Sidhani alikusudia kumdhuru mtu. Sisi wateja tunataka elfu chache na dakika kumi, fundi akisema nafungua dramu tunamwona anatafuta hela, anaishia kuzungusha nati anayoijua mteja hatailalamikia siku hiyo. Lakini mara ya pili gari ile ile inaporudi na shida ile ile, hapo hakuna kisingizio, ilitakiwa tairi zinyanyuliwe zizungushwe kwa mkono, jaribio la bure kabisa. Na mteja una haki ya kusimama pale uliombe. Kama hujiamini na springi na dramu usifanye nyumbani, nenda gereji, ila mwambie fundi nataka kuona tairi zote mbili zinafunga.

Shemeji nilimbadilishia na namna ya kupaki. Alizoea kuweka P tu, na asubuhi akitoa P gari inapiga tok! kubwa kwa sababu uzito wote ulilala kwenye kidole kidogo ndani ya gia boksi. Sasa anakanyaga breki, anaweka N, anavuta hendibreki, anaachia mguu gari ikae kwenye hendibreki, ndipo anaweka P. Kwenye geti anazima na gari na kuweka P hata kama ni kufungua komeo tu, hilo nilimwambia halina mjadala na dada yake alinisaidia kumwambia kwa sauti.

Wenye Grande na Crown, nyuma mna diski lakini katikati ya diski kuna dramu ndogo yenye shuu zake za hendibreki peke yake, na adjasta inafikiwa kupitia kitundu usoni mwa diski, utaratibu ni ule ule, shuu kwanza kebo baadaye. Wenye zile za kitufe cha umeme msishike kitu nyuma bila mashine ya kuiambia gari ifungue mota, mkilazimisha mnavunja.

Kebo ya kushoto tuliiacha ya zamani. Ningependa tubadilishe zote mbili, ila ilikuwa inateleza vizuri, mpira wake mzima, na bampa na taa vilikuwa vinamsubiri, tukakubaliana hivyo. Juzi amepita kwangu, nikavuta, bado iko 7, tukanyanyua nyuma, zote zinazunguka bure. Msimu haujafunguliwa. Kabla hajaanza safari za Tandahimba ataileta tuchomoe ile ya kushoto tuivute kwa plaizi tena, na kama imeanza kukwaruza inaagizwa wiki hiyo hiyo.